Rudolf Diesel: mtu aliyeacha jina lake ndani ya tanki la mazutu

Makadafi wanaopanga vibidoni vyao kando ya barabara, kutoka Nobili mpaka senta ya Kamango, wanauza aina mbili za mafuta: esanse na mazutu. Wale waliozoea kuvuka mpaka kwenda Bundibugyo wanasema petroli na dizeli. Kila siku neno dizeli linapita mdomoni mwa mashofere, mafundi, wanunuzi wa kakao na wenye vinu vya kusagia mihogo. Wengi hawajui kama neno hilo ni jina la ukoo la mtu. Aliitwa Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani, na karibu maisha yake yote aliyamaliza katika kulinganisha motere: ipi inakula mafuta mengi, ipi inatoa nguvu kidogo, na ile nguvu inayopotea inaenda wapi. Jibu alilipata. Dunia ikatajirika kwa jibu hilo, yeye mwenyewe akafa na madeni.

Mtoto aliyefukuzwa na vita

Rudolf alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 mwezi wa tatu mwaka wa 1858. Wazazi wake, Theodor na Elise, walikuwa Wajerumani wa Bavaria waliokwenda Ufaransa kutafuta maisha. Baba alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi. Nyumba haikuwa na pesa nyingi, na mtoto alikuwa akisukuma toroli kupeleka bidhaa za baba kwa wateja.

Mwaka wa 1870 vita vikaanza kati ya Ufaransa na Wajerumani. Wajerumani waliokuwa Paris wakaambiwa waondoke. Familia ya Diesel ikaacha nyumba na karakana, ikakimbilia London. Rudolf alikuwa na miaka 12 tu. Wakazi wa Watalinga hawahitaji kuelezwa sana habari ya namna hii: mwezi wa saba wa 2013, Kamango iliposhambuliwa, maelfu na maelfu ya watu walivuka mpaka wakalala Bundibugyo bila kitu mkononi.

Kule London maisha yalikuwa magumu, kwa hiyo wazazi wakamtuma mtoto peke yake Augsburg, Ujerumani, kwa ndugu wa ukoo, Christoph Barnickel na bibi yake Barbara. Christoph alikuwa mwalimu wa hesabu. Hapo ndipo Rudolf alipopata njia yake. Alipofikia miaka 14, aliwaandikia wazazi kama anataka kuwa mhandisi. Wazazi walipenda aanze kazi haraka ili asaidie nyumba, lakini alipata basi ya masomo kwa sababu ya akili yake, akaingia chuo kikubwa cha ufundi cha Munich mwaka wa 1875.

Swali la mwanafunzi

Chuoni alimkuta mwalimu Carl von Linde, mtu maarufu wa mashini za kutengeneza baridi na barafu. Siku moja mwalimu alieleza kama mashini za mvuke, zile zilizokuwa zinaendesha treni, meli na viwanda vyote vya wakati ule, zinatumia vizuri sehemu ndogo sana ya moto wa makaa. Kwenye makaa 100, kama 90 au zaidi yalikuwa yanakwenda bure, yanapotelea hewani. Rudolf akaandika pembeni ya daftari lake kama inafaa kuchunguza namna ya kupata mashini isiyopoteza hivyo. Wazo hilo halikumtoka tena kichwani.

Mwaka wa 1879 homa ya tumbo, ile ya tifoidi, ilimshika akakosa mtihani wa mwisho. Wakati wa kungojea alikwenda Winterthur, Uswisi, kufanya kazi ya mikono katika kiwanda cha Sulzer. Mwaka wa 1880 alirudi, akafanya mtihani, akapata alama za juu kabisa. Linde akamchukua akamrudisha Paris kusimamia kiwanda cha barafu. Mwaka wa 1883 akamwoa Martha Flasche, wakazaa watoto watatu: Rudolf, Heddy na Eugen.

Kazi ya barafu ilimlisha, lakini usiku alikuwa anatafuta motere yake. Kwanza alijaribu kutumia mvuke wa amonia. Jaribio moja lililipuka karibu kumuua, akalazwa hospitali kwa miezi. Mwaka wa 1890 alihamia Berlin na familia, bado anafanya kazi ya Linde, bado anatafuta.

Pampu ya baiskeli na moto bila kiberiti

Kitu alichokigundua kinaweza kueleweka na kila mtu aliyewahi kujaza hewa kwenye baiskeli. Ukipampu kwa nguvu, chuma cha pampu kinapata moto. Hewa ikibanwa, inapata joto. Ikibanwa zaidi, inapata joto zaidi. Diesel akawaza: kama hewa itabanwa ndani ya silinda mpaka iwe na joto kali sana, mafuta yakiingizwa humo yatawaka yenyewe. Bujia haihitajiki, wala cheche.

Wakati ule motere za gesi na za esanse zilikuwa tayari zinajulikana. Nikolaus Otto, naye Mjerumani, alikuwa ameshatengeneza motere ya hatua nne mwaka wa 1876. Katika motere ya Otto, hewa na mafuta vinachanganywa kwanza, vinabanwa kidogo, kisha cheche inawasha. Tatizo ni kwamba mchanganyiko ule hauwezi kubanwa sana, juu utawaka kabla ya saa yake. Diesel alitenganisha vitu viwili: kwanza hewa peke yake inabanwa vikali, halafu mafuta yanaingia mwishoni. Kadiri hewa inavyobanwa, ndivyo moto mwingi zaidi unavyogeuka kuwa nguvu ya kusukuma.

Mwaka wa 1892 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake, akaipata mwaka uliofuata. Mwaka huo wa 1893 akatoa pia kitabu cha kueleza hesabu zake. Kiwanda cha mashini cha Augsburg, kilichoongozwa na Heinrich von Buz, kilikubali kujaribu, na kampuni ya Krupp ikasaidia pesa.

Jaribio la kwanza, tarehe 10 mwezi wa nane 1893, lilitisha watu. Motere ikapasua chombo cha kupimia presha, vipande vikaruka. Diesel hakuumia, tena alifurahi: mafuta yalikuwa yamewaka yenyewe kwa nguvu ya hewa tu, kama alivyosema. Tarehe 17 mwezi wa pili 1894 motere ilizunguka yenyewe kwa muda wa dakika moja. Dakika moja tu, baada ya miaka yote hiyo. Ilibidi miaka mingine mitatu ya kubadilisha vyuma, kufunga, kufungua na kuanza tena.

Tarehe 17 mwezi wa pili 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich alikuja kupima kwa njia rasmi. Mashini ilikuwa na urefu wa mita 3 kwenda juu, uzito wa tani 4 na nusu, na nguvu ya farasi kama 20 hivi. Matokeo: asilimia 26.2 ya moto wa mafuta iligeuka kuwa kazi. Mashini ya mvuke ya siku zile ilikuwa inazunguka kwenye asilimia 10 au chini. Hapo dunia ya viwanda ikageuza shingo kumtazama Diesel.

Pesa zinakuja, usingizi unakwenda

Baada ya kipimo kile, wenye viwanda walipiga foleni kununua haki ya kutengeneza motere. Adolphus Busch, tajiri wa bia wa Marekani, alilipa marki milioni moja kwa haki za nchi yake. Diesel akawa milionea akiwa hajafika miaka 40. Akajenga jumba kubwa Munich.

Lakini motere ilitoka sokoni kabla ya kukomaa. Zile za kwanza zilikuwa zinaharibika, wateja wakalalamika, wengine wakakataa kulipa. Wapinzani wakamshitaki, wakisema wazo si lake. Mwaka wa 1898 akili na mwili vilichoka, akalazimika kupumzika hospitalini. Tangu hapo kichwa kilikuwa kinamuuma mara kwa mara. Pesa zake aliziweka kwenye viwanja na biashara zilizokwenda vibaya. Kushika vyuma alijua. Kushika pesa kulimshinda.

Alikuwa pia na wazo la kijamii ambalo wengi wamelisahau. Mashini ya mvuke ilikuwa kubwa na ya bei kali, kwa hiyo tajiri tu ndiye aliweza kuwa nayo. Diesel alitamani fundi mdogo, mwenye karakana yake ya watu wawili au watatu, naye apate nguvu ya mashini. Mwaka wa 1903 akaandika kitabu kuhusu mshikamano wa wafanyakazi, wachange pamoja na wamiliki viwanda vyao wenyewe. Hakikupata wasomaji wengi. Hata hivyo kinu kidogo cha mazutu kinachosaga unga kijijini, mali ya mtu mmoja au ya chama cha akina mama, kinafanana sana na kile alichokitamani.

Karanga za Paris, mawese ya Kongo

Mwaka wa 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, motere moja ndogo ya aina ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ilifanya kazi vizuri hata watazamaji wengi hawakutambua tofauti. Serikali ya Ufaransa ndiyo ilitaka jaribio lile, ikiwaza makoloni yake ya Afrika ambako karanga zinakua kwa wingi na makaa hayapatikani. Diesel mwenyewe alilifuatilia wazo hilo. Mwaka wa 1912, karibu na mwisho wa maisha yake, alisema kama mafuta ya mimea yanaonekana ni jambo dogo leo, lakini siku moja yanaweza kuwa na maana kama ile ya petroli na makaa.

Wazo lile lilifika mpaka kwenye mawese ya Kongo. Mwaka wa 1937, Mbelgiji Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hati ya kulinda njia yake ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya motere. Mawese yalichanganywa na pombe kali na kupikwa kwa njia ya kemia, yakawa mepesi kama mazutu. Mwaka wa 1938 basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Leuven kwa mafuta hayo. Wakati ule Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, na walima michikichi wa Kongo hawakupata faida ya kutajwa. Halafu mazutu ya kisimani yakawa rahisi, jambo likaachwa mpaka dunia ilipolirudia miaka mingi baadaye.

Inafaa kusema wazi hapa: mawese mabichi si mazutu. Ni mazito, yanaganda kukiwa na baridi, yanaziba filta na enjekta. Motere ya zamani inaweza kuyavumilia kwa muda, motere ya kisasa inakufa haraka.

Usiku wa Antwerp

Tarehe 29 mwezi wa tisa 1913, Diesel alipanda meli iitwayo Dresden kwenye bandari ya Antwerp, Ubelgiji, bandari ileile iliyopokea pembe za ndovu na mpira wa Kongo. Alikuwa anakwenda Uingereza kwenye mkutano wa kampuni ya motere. Alikula chakula cha jioni na wenzake, wakatembea kidogo juu ya meli, kama saa nne ya usiku akaenda chumbani. Aliomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo.

Asubuhi chumba kilikuwa tupu. Kitanda hakikulaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa vimewekwa vizuri karibu na ukingo wa meli. Siku kumi na moja baadaye, mabaharia wa Uholanzi waliona maiti baharini. Walitoa vitu vidogo mifukoni, wakarudisha mwili majini. Mwanawe Eugen alivitambua vile vitu kuwa vya baba yake. Diesel alikuwa na miaka 55.

Kabla ya safari alikuwa amempa Martha mfuko na kumwomba asiufungue mpaka wiki ipite. Ndani mlikuwa na pesa taslimu na karatasi zilizoonyesha kama akaunti za benki zimekauka. Kwenye daftari lake la siku, tarehe ya safari ilikuwa na alama ya msalaba. Wengi wanaamini alijiua kwa ajili ya madeni. Wengine mpaka leo wanasema aliuawa, juu motere yake ilikuwa imeanza kuingia ndani ya manowari za kivita na vita vya dunia vilikuwa karibu. Ushahidi wa kumaliza ubishi huo haujapatikana.

Kutoka kiwandani mpaka kwenye pikap

Kitu kimoja hakukiona: motere yake ndani ya gari la kawaida. Wakati wake ilikuwa kubwa mno, juu mafuta yalisukumwa ndani ya silinda kwa hewa ya kompresa nzito. Ilifaa meli. Mwaka wa 1912 meli ya Denmark, Selandia, ilisafiri mpaka Asia kwa motere za dizeli. Miaka ya 1920 ndipo malori ya kwanza ya dizeli yalipotoka Ujerumani, na mwaka wa 1927 kampuni ya Bosch ikaanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma mafuta. Pampu hiyo ndiyo iliyoifungulia dizeli mlango wa gari. Mwaka wa 1936 Mercedes-Benz 260 D ikawa taksi na gari la nyumbani. Marekani, nchi ya pikap kubwa kubwa zinazopenda esanse, Dodge iliweka motere ya dizeli ya Cummins ndani ya pikap yake ya Ram kwa mwaka wa 1989, na tangu hapo wakulima na wavuta trela kule wanabishana kila siku juu ya ipi ni bora.

Ubishi huo upo pia kwa mtu wa Kamango anayetaka kununua pikap ya kubeba kakao. Hesabu ni ileile ya Diesel. Motere ya esanse, kama ile ya lita 2.7 ya Hilux, inabana hewa mara 9 au 10 hivi. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu, haipigi kelele, inawaka haraka. Lakini nguvu yake inapatikana ikizungushwa mbio, na kwenye matope yenye mzigo inakunywa sana. Motere ya dizeli ya zamani, kama ile ya Toyota iitwayo 1HZ, lita 4.2, silinda sita, inabana kama mara 22. Haina turbo wala kompyuta ya kusimamia mafuta. Mbio si kitu chake, lakini inavuta mzigo ikiwa inazunguka polepole, na fundi wa kijijini anaweza kuifungua na kuifunga. Ndiyo maana Land Cruiser za namna hiyo zimejaa katika mashirika na hospitali za mashariki ya Kongo.

Dizeli mpya, kama ile ya lita 2.8 ya Hilux za tangu 2015, ina turbo na enjekta zinazoongozwa na kompyuta. Ina nguvu kuliko ile ya 1HZ, na mafuta inatumia kidogo. Shida yake ni moja: presha ya mafuta ni zaidi ya mara 1,000 ya presha ya hewa ya kawaida, na tundu za enjekta ni ndogo sana. Mazutu ya bidoni yenye maji au vumbi yanaiharibu, na mashini ya kuipima haipatikani kirahisi nje ya miji. Gari likizimika kwenye barabara ya Mbau–Kamango, ndani ya pori la Virunga, hasara si pesa peke yake. Watu wamepoteza maisha kwenye njia ile.

Kwa hiyo mwenye pikap ya mazutu ana kazi tatu zisizongoja: kuchuja mafuta kwa kitambaa safi kabla ya kujaza, kutoa maji chini ya filta mara kwa mara, na kuhakikisha shofere hachanganyi esanse ndani ya tanki, juu mazutu ndiyo grisi ya pampu. Mwenye mzigo mwepesi na safari fupi za Nobili anaweza kubaki na esanse bila kujuta. Anayevuka Semuliki na magunia, atafute dizeli, na aulize kwanza fundi wa karibu anaweza kutengeneza ipi.

Rudolf Diesel alitaka nguvu ya mashini ifike mpaka kwa mtu mdogo, na mafuta yake yatoke shambani mwa mtu huyo. Nusu ya kwanza imetimia, hata Watalinga. Nusu ya pili bado inangojea, na michikichi ipo.